Mwalimu Mmoja Hatoshi: Ufundishaji wa Pamoja na Watoto wa Masasi na Newala Kuelekea Mwaka 2028



Januari 2028 iko karibu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwezi huo, kwa mpango uliokwisha kutangazwa na Serikali, makundi mawili ya watoto yatabisha hodi kwa pamoja kwenye milango ya Kidato cha Kwanza: wale watakaokuwa wamemaliza Darasa la Saba kwa mtaala wa zamani, na wale watakaokuwa wamemaliza Darasa la Sita kwa mtaala ulioboreshwa. Hesabu yake ni nyepesi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 katika elimu ya awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Mtoto aliyekuwa la Tatu mwaka ule yupo la Tano mwaka huu wa 2026, na mwakani atakuwa la Sita, ambalo kwake ndilo la mwisho. Kaka yake aliyekuwa la Nne mwaka 2024 yupo la Sita sasa, na mwakani atafanya mtihani wa Darasa la Saba. Basi nyumba moja ya Newala au Masasi yaweza kuwatoa watoto wawili asubuhi moja, wakiwa na sare mpya mbili, wakielekea darasa la aina moja kwa mwalimu yule yule.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Ni uamuzi mwema, na Kanisa, ambalo tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano limetangaza kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu, haliwezi kuupokea ila kwa furaha. Hata hivyo mazungumzo ninayoyasikia vijijini, na hata kwenye baraza za parokia zetu baada ya Misa, yameelemea upande mmoja: vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo. Hayo ni ya lazima. Lakini chumba cha darasa hujengwa kwa miezi michache kijiji kikijituma, ilhali mwalimu wa Hisabati hafyatuliwi kama tofali.

Tunaoishi huku tunajua jinsi hali ilivyo. Mwalimu kijana anayepangiwa shule ya ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde hukuta udongo mwekundu, korosho zilizostawi, watu wakarimu, na shida ya maji ambayo mababu zetu waliijua kabla ya mradi wa maji wa Makonde haujafikiriwa. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, imekuwa ikipata lami kwa vipande na kwa miaka mingi. Wengi wa vijana hao huomba uhamisho kabla hawajajua majina ya wazee wa kijiji. Anayebaki hubebeshwa Hisabati kuanzia Darasa la Tatu hadi la Saba, na juu yake uwekaji wa kumbukumbu za michezo. Mwongozo wa wizara husema wanafunzi 45 kwa darasa moja la msingi. Mzazi aliyewahi kuchungulia dirishani hahitaji kuambiwa kama idadi hiyo inazingatiwa.

Ni katika mazingira hayo ndipo napenda tuzungumzie jambo ambalo kwa wengi wetu ni geni kwa jina, ingawa si geni kwa asili yake: walimu kufundisha kwa pamoja, kwa timu. Kwanza niondoe dhana moja. Mtu akisikia maneno hayo hudhani yanamaanisha walimu wawili wasimame mbele ya ubao mmoja, na mara moja husema: sisi tuna upungufu, hiyo ni anasa ya wenye walimu wengi. Dhana hiyo imeshika sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Kiini cha timu ni kwamba walimu kadhaa wanashika watoto wale wale, wanawajua kwa majina, wanapanga kazi yao pamoja, na wanawajibika kwa watoto hao wote badala ya kila mmoja kuwajibika kwa somo lake. Kusimama wawili darasani ni tunda moja la mpango huo, tena si kila siku.

Tuchukue shule ya kufikirika, isiwe ya mtu yeyote. Darasa la Tano lina mikondo miwili, A yenye watoto 64 na B yenye 60. Walimu watano wanaingia katika madarasa hayo: wa Hisabati, wa Kiswahili, wa Kiingereza, wa Sayansi, na mmoja anayeshika Jiografia na Mazingira pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa utaratibu tuliouzoea kila mmoja ana azimio lake la kazi, andalio lake la somo, na kabati lake. Mwalimu wa Sayansi anaona kwamba mtoto fulani anapata sifuri, anaandika sifuri, basi. Hajui kwamba mtoto huyo anaijua sayansi vizuri kwa mdomo ila hawezi kusoma swali. Mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba hawezi kusoma, lakini hajui kwamba ana akili kali ya mambo ya mimea kwa kuwa kila Juni huwa na babu yake akipulizia mikorosho salfa. Walimu wawili wanakaa ofisi moja, wanakunywa chai kutoka chupa moja, na kila mmoja ana nusu ya mtoto.

Sasa walimu hao watano wawe timu. Jambo la kwanza linalobadilika ni kwamba mara moja kwa juma wanakaa saa nzima wakiwa na orodha ya watoto 124 mezani. Hawajadili mtihani wa wilaya wala michango. Wanajadili watoto: nani ametoweka tangu Jumatatu, nani ameanza kusoma, nani analala darasani. Daftari la mahudhurio likisomwa na watu watano kwa pamoja husema mengi kuliko likisomwa na mmoja. Oktoba, familia zinapohamia mashambani kuokota korosho, mwalimu mmoja huona pengo la siku mbili; timu huona kwamba watoto kumi na mmoja wa kitongoji kimoja hawapo kila Alhamisi, na inaweza kumtuma mtu aende akaulize.

Jambo la pili ni kupanga mada ziendane. Ramani haisomeki bila skeli, na skeli ni hesabu ya uwiano. Mwalimu wa Jiografia akifika kwenye ramani mwezi Machi wakati mwenzake wa Hisabati anafika kwenye uwiano mwezi Agosti, wote wawili watatoka jasho bure. Wakikaa pamoja watahamisha mada moja isogee karibu na nyingine pale muhtasari unaporuhusu, na mtoto atakutana na wazo lile lile mara mbili ndani ya juma moja, mara kwenye namba na mara kwenye mchoro wa bonde la Ruvuma.

Jambo la tatu ndilo ninaloliona kuwa na uzito kuliko yote, na naomba msomaji anivumilie nilieleze taratibu. Mikondo miwili kwa kawaida inatumia walimu wawili kwa kipindi kimoja. Timu inaweza kuamua kwamba mara tatu kwa juma, kwa nusu saa, mwalimu wa tatu ambaye angekuwa na kipindi kitupu ataingia nao. Watoto 124 wanagawanywa upya bila kujali A wala B. Wale 24 ambao bado hawawezi kusoma aya moja kwa ufasaha wanakuwa na mwalimu wao peke yao. Wengine 100 wanagawanyika hamsini hamsini kwa walimu wawili waliobaki. Gharama yake ni mwalimu mmoja wa ziada kwa saa moja na nusu kwa juma. Nchini India shirika la Pratham limejenga kazi yake kubwa juu ya wazo hili la kumfundisha mtoto pale alipo, wala si pale ambapo darasa lake linasema angepaswa kuwa. Hapa Afrika Mashariki, tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia miaka ya 2009 na 2010, zimerudia kutuonyesha kwamba watoto wengi hufika madarasa ya juu bila kumudu kusoma hadithi ya Darasa la Pili. Kwa hiyo si jambo la kushangaa kuwa hao 24 wapo. La kushangaza ni kwamba tumewaacha wakae nyuma ya darasa miaka mitano.

Nani apewe hao 24? Katika shule nyingi angepewa kijana wa kujitolea ambaye wazazi wamechanga kumlipa posho. Naliona hilo kuwa kosa. Wapewe mwalimu mahiri kuliko wote, na kijana wa kujitolea awe msaidizi wake, ajifunze. Mgonjwa mahututi hapelekwi kwa mwanafunzi wa uuguzi.

Na hapo ndipo kusimama wawili darasani kunapopata maana. Mmoja anaongoza, mwingine anapita kati ya madawati akiangalia mikono inavyoandika. Anayeongoza haoni kosa la mtoto wa safu ya tano. Anayepita analiona, na jioni wanaambiana: thuluthi moja wanajumlisha asili kwa asili. Juma lijalo wanabadilishana. Mwalimu mgeni aliyetoka chuoni hujifunza kwa miezi mitatu ya namna hii mambo ambayo peke yake yangemchukua miaka, na mwalimu mkongwe, ambaye labda hajapata semina tangu mtaala wa zamani, hupata msaada wa kijana kwenye mambo mapya bila kuaibika mbele ya watu.

Wazo hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko mlangoni petu. Wazee wetu wanakumbuka shule ya kati, ile iliyokuwa na Darasa la Tano hadi la Nane katika miaka ya 1950, baada ya miaka minne ya msingi. Wakati huo watoto wa umri wa kubalehe walihesabiwa kuwa kundi la pekee: si wadogo wa kufundishwa na mwalimu mmoja siku nzima, wala si wakubwa wa kuachiwa wahadhiri. Kule Marekani, mwaka 1957, shule ya Franklin katika mji wa Lexington, Massachusetts, ilianza majaribio ya kufundisha kwa timu ikisaidiwa na Chuo Kikuu cha Harvard. Katika miaka ya 1960 wakazuka watetezi wa shule za kati za namna mpya, William Alexander akiwa miongoni mwao, na mwaka 1989 ripoti moja ya taasisi ya Carnegie ikapendekeza kwamba shule kubwa za vijana zigawanywe kuwa jumuiya ndogo, kila moja ikiwa na timu yake ya walimu. Somo waliloliacha ni moja: timu iliyopewa muda wa kupanga pamoja ndani ya ratiba iliishi, iliyoambiwa ipange kwa muda wake yenyewe ilibaki jina.

Wajapani nao, kwa zaidi ya karne moja, wamekuwa na desturi ya walimu kuandaa somo moja pamoja, mmoja akalifundisha wengine wakitazama, kisha wote wakalichambua. Desturi hiyo imefika Zambia, na Kenya imefanya kazi ya kuwaendeleza walimu wa sayansi na hisabati kwa msaada wa Japani tangu mwaka 1998. Kwetu Tanzania umekuja mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaosimamiwa kitaaluma na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambao unaitaka kila shule iwe na Jumuiya ya Ujifunzaji: walimu wakutane shuleni mwao wenyewe, wachambue ugumu wa mada, waandae somo, waangaliane wakifundisha.

Jumuiya. Mkatoliki akilisikia neno hilo anainua kichwa. Maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1976 na kulitilia mkazo suala la kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, hawakuwa wakifikiria shule. Lakini sisi tuna uzoefu wa nusu karne wa jambo ambalo walimu wanalianza sasa, na uzoefu huo umetufundisha namna jumuiya zinavyokufa. Jumuiya inayokutana kwa ajili ya michango tu hufa. Jumuiya ambayo mwenyekiti anasema kila kitu, na wengine wanaitikia, nayo hufa, ingawa taratibu zaidi. Inayoishi ni ile ambamo Neno linasomwa, mama mjane anasema lililomgusa, na kijana aliyeshindwa anaweza kusema ameshindwa. Jumuiya ya walimu inayokutana ili daftari lisainiwe na picha itumwe wilayani itakwenda njia ile ile ya jumuiya za michango.

Kwa maana hiyo nitaje mambo yanayoiharibu kazi hii, kwa uwazi, kwa kuwa nimeyasikia kutoka kwa walimu waamini wetu wenyewe. La kwanza ni udanganyifu mtupu: mikondo miwili inaunganishwa chini ya mkorosho, watoto 124 mbele ya mwalimu mmoja, na mwenzake anakwenda kwenye mnada wa korosho au kufuatilia malipo yake katika chama cha msingi. Anayeuliza anajibiwa kwamba wanafundisha kwa timu. Sitaki kuwaonea walimu. Mshahara wao tunaujua, na mwalimu mwenye ekari mbili za mikorosho Newala ana haki ya kuivuna kama jirani yake. Lakini kutoka Oktoba hadi Desemba neno timu lisitumiwe kuwa kificho. Alama ya timu ya kweli ni rahisi kuitambua: idadi ya watoto kwa kila mwalimu hupungua walau kwa sehemu ya juma. Ikiongezeka tu, hapo pana kupeana likizo.

La pili ni zawadi. Katika shule nyingi, za Serikali na za binafsi, na tusijitoe sisi wenye shule za Kanisa, mwalimu hupewa fedha kwa kila alama ya A inayopatikana katika somo lake. Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa Hisabati anaomba vipindi vya ziada ambavyo vinatoka kwa mwenzake wa Kiswahili, na wa Kiswahili anaacha kumsaidia mtoto ambaye udhaifu wake uko kwingine. Huwezi kuwalipa watu washindane halafu ukawahubiria umoja. Zawadi hiyo hiyo, bila kuongezwa hata shilingi, ikitolewa kwa walimu wote wa darasa kwa ajili ya watoto wote waliopiga hatua, hasa wale wa nyuma, ingefanya kazi ambayo semina kumi hazifanyi.

La tatu ni karatasi. Mthibiti ubora akifika anaomba andalio la kila mwalimu. Walimu waliopanga pamoja wanajikuta wakinakili andalio moja mara tano kwa mkono. Maofisa elimu wetu wangeweza kulitazama hili; ni jambo dogo linalokatisha tamaa kubwa.

Na la nne ni mwalimu mkuu. Kuna anayepanga timu kama anavyopanga zamu, kwa kubandika majina ukutani. Hapa napenda kukumbusha jirani zetu wa Ndanda, ambako Wabenediktini walianza kazi mwaka 1906, wakati machungu ya Majimaji yalikuwa bado mabichi na misheni za Lukuledi na Nyangao zilikuwa zimeharibiwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu, inamtaka abate awaite ndugu wote kila linapotokea jambo zito, awasikilize hata walio wadogo, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Kisha abate aamue mwenyewe. Si demokrasia, na si amri ya mtu mmoja. Nilipokuwa seminarini tulilelewa na jopo la walezi waliokuwa na tabia zilizopishana kabisa, na sisi vijana tulijua nani mpole na nani mkali; lakini hatukuweza kumtumia mmoja dhidi ya mwingine, maana walikuwa wakikaa na kuongea juu yetu. Watoto wa miaka kumi na miwili hutafuta upenyo huo huo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kuletwa. Sidhani. Sisi watu wa kusini tunajua kwamba kijana wa jandoni hakabidhiwi mtu mmoja. Yupo ngariba, yupo kungwi, wapo wanaopika, yupo anayekaa na kijana usiku akiogopa, na wote hao wanajua wanamtoa mtoto yule yule awe mtu mzima. Msichana wa unyago ana somo wake na ana bibi zake. Kuna mambo katika jando na unyago ambayo Injili inayasahihisha, na Kanisa kusini hapa, Waanglikana wa Masasi wakitutangulia tangu siku za Askofu Vincent Lucas, limehangaika nayo kwa karibu karne nzima. Viongozi wa Serikali nao hawachoki kuhimiza kwamba sherehe hizo zifanywe wakati wa likizo. Lakini hekima ya kumlea mtoto wa umri huo kwa mikono mingi ilikuwepo huku kabla ya ubao na chaki. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga, na Baba Mtakatifu Fransisko, alipotangaza Mkataba wa Kimataifa wa Elimu mwaka 2019, alitumia msemo wa Kiafrika unaosema jambo lile lile juu ya kijiji na mtoto. Bwana wetu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wawili wawili, ingawa kwa kuwatuma mmoja mmoja angefikia vijiji mara mbili zaidi.

Nirudi Kidato cha Kwanza, maana kule ndiko hatari ilipo. Mtoto wa Newala aliyeanza maisha kwa Kimakonde, au wa Masasi aliyeanza kwa Kimakua au Kiyao, kisha akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari na kukuta Fizikia kwa Kiingereza. Mwaka 2028 wataingia wengi kuliko kawaida, na baadhi yao wakiwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko waliowatangulia. Mwalimu wa Kiingereza na wa Baiolojia wasipokaa pamoja na kukubaliana maneno hamsini ya kwanza ambayo kila mtoto lazima ayajue, watoto hao watakaa kimya mwaka mzima, na ukimya wao utaitwa uzembe. Kukaa pamoja huko hakuhitaji fedha. Shule za msingi zikianza utaratibu huu sasa, pamoja na watoto wa Darasa la Tano la mwaka huu, walimu wa sekondari wa kata watapokea pia orodha yenye maelezo ya watoto, zaidi ya alama zao.

Parokia zina nafasi gani? Kwanza, kuelewa. Mzazi anayepita Ijumaa mchana akaona walimu watano wamekaa chini ya mwembe na madaftari, asiende kijijini kusema walimu hawafundishi. Nimesikia malalamiko ya namna hiyo, na kamati ya shule moja nusura iandike barua. Kukaa kule ni kazi. Pili, nyumba: mwalimu anayeishi kilomita kumi na tano hawezi kubaki kwa kikao cha saa tisa alasiri, na vigango vyetu kadhaa vina vyumba ambavyo havina mtu. Fedha za ruzuku ya Serikali, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambazo sehemu yake hubaki kwa ajili ya vitabu, hazijengi nyumba.

Tatu ni jambo ambalo liko mikononi mwetu kabisa. Ugumu mkubwa wa timu ni muda: ni saa gani walimu wote wa Darasa la Tano na la Sita wawe huru kwa pamoja? Jibu limo katika ratiba yenyewe. Mtaala ulioboreshwa una somo la Dini. Vipindi vya Dini vya madarasa hayo vikiwekwa siku moja na saa moja, watoto Wakatoliki wakaenda kwa katekista, Waanglikana kwa mwalimu wao, na Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji vingi vya uwandani, kwa ustadhi wao, basi kwa saa hiyo walimu wa darasa wako huru wote, na watoto wako mahali pema. Mwalimu mkuu anaweza kulipanga hilo bila kibali cha mtu. Anachohitaji ni uhakika kwamba hao walimu wa Dini watafika.

Na hapo kamati za parokia zijiulize kuhusu posho ya katekista, baiskeli yake, na mafuta ya pikipiki pale shule zinapokuwa tatu na katekista ni mmoja. Tungezungumza na masheikh na mapadre wa Kianglikana wa kata hiyo hiyo tupange siku zisizogongana, kwa kuwa wao pia wana shule nyingi na watu wachache. Katekista akikosa siku hiyo, mwalimu mmoja hurudi darasani kutuliza watoto wetu, wa pili humfuata kwa kuwa mkondo B nao umeanza kelele, na kikao cha juma hilo hakipo.